Kaimati Moja Kitambaani

Mama Kaimati alikuwa hali kaimati. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua juu yake. Nilikuwa nimehamia ploti yetu ya Kitengela Jumamosi hiyo, vitu bado viko kwenye maboksi, mtoto analia, na huyu mama wa nyumba ya mwisho akaja na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Ndani mlikuwa na kaimati za moto, nyeupe kwa sukari, zinanukia iliki. Nikamwambia aingie, akae tule pamoja. "Kula wewe na watoto," akasema. "Mimi sili tamu." Akasimama mlangoni akitutazama mpaka bakuli likaisha, akalichukua, akaenda zake.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu wengine mjini Nairobi, na kazi hiyo imenizoeza vibaya. Mtu akinipa kitu kwa moyo mkunjufu, mimi huanza kutafuta kilichofichwa. Tena kwetu Magharibi, anayekukaribisha pombe ya busaa huinywa kwanza mbele yako, ndipo akupe mrija wako. Sasa huyu alikuwa amesimama mlangoni pangu, ametupa chakula asichokila yeye, na alituhesabia tonge. Mume wangu alisema kaimati zilikuwa tamu ajabu. Nilimwambia ndiyo maana nina wasiwasi.

Alizaliwa wapi sijui, na yeye hakusema. Wengine walidai ni mtu wa Pwani kwa sababu ya upishi wake, lakini Jumapili alikuwa akienda kanisani na Biblia kubwa kwapani. Wengine walisema ni Mkamba aliyekaa Mombasa. Siku moja mimi mwenyewe nilimsikia akimsalimia muuza mboga kwa Kimaragoli safi, lugha ya kwa mama yangu, na nilipomgeukia akahamia Kiswahili kana kwamba hakikutokea kitu. Jambo hilo liliniudhi kwa muda mrefu. Mtu mwenye lugha yako akikuficha, ana sababu.

Lakini hakuna aliyeweza kuishi Kitengela yetu bila yeye. Kaimati ziliingia katika mambo yetu polepole, mpaka tukasahau kwamba hazikuwa zetu. Wakwe wakija kujitambulisha, ilikuwa lazima bakuli la kaimati litangulie chai, na wamama wa Kikuyu walioleta nduma na viazi vitamu walijua kabisa kwamba sahani zao zitasubiri. Mtu akijifungua, tulikwenda kuona mtoto na kaimati. Matanga nayo yalikuwa na kaimati, isipokuwa hizo hakuzipaka shira nyingi, kwa heshima. Disemba, wakati wa tohara, wamama wa Kimaasai walikuja kutoka upande wa Isinya na mabeseni yenye vifuniko, wakazibeba kupeleka kwenye sherehe za vijana wao. Watu wa boda walizila asubuhi na chai ya rangi, wamekaa juu ya pikipiki, sukari imewaganda kwenye ndevu.

Za kwake hazikuwa kaimati za Pwani hasa. Niliwahi kuzila Mombasa kwenye semina ya ofisi, na zile za huko zilikuwa na ladha ya nazi. Yeye hakutumia nazi. Unga aliukoroga na maziwa lala ya mama mwenye ploti, Mmaasai aliyefuga ng'ombe zake kule nyuma ya mtaa na aliyekuwa akiyagandisha maziwa katika kibuyu, kama walivyofanya kina mama yake. Kila asubuhi ungewasikia getini. "Takwenya," Mama Kaimati anasalimia. "Iko," anajibu mwenzake, na kibuyu kinabadilisha mikono. Unga ulilala katika maziwa hayo hadi ukafura, kisha aliukamua kwa kiganja, kidole gumba kikikata, na vidonge vikadondoka kwenye mafuta na kujigeuza vyenyewe. Mwisho alivirusha kwenye shira nzito na kuvikoroga mpaka sukari ikavishika na kuwa nyeupe. Kaimati zake zilikuwa na ukali kidogo, na moshi kidogo, na huo moshi ndio uliokuwa ukiturudisha.

Yote hayo aliyafanya nje, mbele ya mlango wake. Ndani hakuingiza mtu. Niliwahi kuchungulia pazia lilipopeperuka, nikaona kitanda, meza, na pembeni chungu cha udongo kilichofunikwa kwa kitambaa chenye maji. Mtoto wangu Ivy alipokimbilia mpira wake humo ndani akataka kugusa chungu kile, Mama Kaimati alimshika mkono kwa nguvu, akamtoa nje. "Hicho si cha kuchezea," akasema. Sijamsikia akipandisha sauti siku nyingine yoyote. Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba maji ya kunywa hayafichwi hivyo.

Halafu kulikuwa na kitambaa. Kwenye mfuko wa aproni yake daima mlikuwa na leso nyeupe iliyofungwa fundo, na ndani ya fundo kaimati moja. Asubuhi aliifungua ile ya jana, akawatupia kuku, akafunga nyingine mpya. Alikwenda nayo dukani, alikwenda nayo kanisani. Mwanamke hali kaimati, lakini hatoki nje ya geti bila kaimati. Dada wa saluni, ambaye saluni yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele cha ploti yetu na ambaye hakupitwa na kitu, alikuwa na maelezo tayari. "Hiyo ni ya jini yake," aliniambia akinisuka. "Lazima iko na mtu inalisha. Hawa watu ya kupika vitu tamu namna hii hawakosi kitu." Nilicheka. Kisha niliporudi nyumbani niliwakataza watoto kupita karibu na mlango wake wakati wa jioni.

Na kila mwezi alipotelea Kajiado. Alivaa gauni zuri, akafunga mlango kwa kufuli mbili, akaondoka asubuhi na kurudi mchana amechoka. Ukimuuliza, alisema, "Nilikuwa nimeenda kuona mtu." Mtu gani, hakusema. Hatukuwahi kumwona mtu huyo akija kwake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shuku kutushinda sote. Unga aliusugua kiganjani na kuunusa kabla ya kulipa. Mayai aliyatikisa sikioni. Mafuta ya kupimiwa dukani hakuyagusa kamwe. Alinunua yaliyofungwa, akakagua mfuniko, akauvunja yeye mwenyewe mbele ya muuzaji. "Binadamu nampenda," alikuwa akisema, "lakini mafuta yake siyaamini." Biashara nayo aliifanya kinyume na watu wote. Watoto walipokuja na hamu, aliwapa mbili mbili, na aliyenyoosha mkono kutaka ya tatu aliambiwa, "Mbili zinatosha. Enda kunywa maji." Siku moja kijana wa boda alitaka ya pili, akamkatalia. "Wewe umekula jana. Na juzi. Kula ndizi." Nani anafukuza wateja wake? Mimi nililiandika hilo moyoni pamoja na mengine.

Basi stima ikapotea. Ilipotea mtaa mzima, mchana, pamoja na mlio uliotufanya sote tutoke nje. Watu wa stima walikuja, wakapanda mlingoti, wakashuka wakisema transfoma haina mafuta, watarudi. Hawakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Nyama zikaoza kwenye friji. Saluni ikafungwa, kwa kuwa hakuna draya inayozunguka kwa maombi.

Anayeishi Kenya anajua kinachosemwa mafuta ya transfoma yakipotea. Husemwa kwamba yameibwa kwenda kukaangia chakula, kwa sababu hayaishi haraka na hayatoi moshi. Mimi sijawahi kumwona aliyekaangia, lakini sijawahi kumwona pia mtu asiyeamini. Dada wa saluni, asiye na kazi siku hizo, alikaa mlangoni pake akiuma kaimati, akasita, akaitazama. "Hii kitu iko na harufu," akasema. Jirani mwingine akauma. Ndiyo, iko na harufu. Kufikia jioni kila mtu alikumbuka kwamba ameisikia harufu ile siku zote, ya moshi, ya kitu kilichoungua, na akashangaa kwamba hakuwahi kusema.

Jumamosi alasiri tulikutana kando ya tangi la maji. Msimamizi wa ploti alimwita Mama Kaimati, akaja na aproni yake na bakuli la mauzo ya siku hiyo, maana hakuna aliyekuwa amenunua.

"Sisi hatusemi ni wewe," dada wa saluni akaanza. "Lakini hii kitu yako iko na harufu. Na stima imepotea. Si utuambie unapikia na mafuta gani?"

Mama Kaimati alirudi ndani, akaleta madebe matupu na mifuniko yake. Akaipanga chini.

"Debe mtu anaweza jaza kitu yoyote," mtu mmoja akasema nyuma.

Mama mwenye ploti alikuwa amesimama kando akiegemea fimbo, shuka begani. "Hiyo harufu ni ya kibuyu yangu," akasema. "Mimi nachoma ndani na moto ya oloirien, ile mti ngumu, ndio maziwa isiharibike. Hiyo moshi nyinyi mmekula miaka yote mkisema tamu, tamu. Leo imekuwa ya transfoma?"

Kwa dakika moja nilidhani mambo yameisha. Lakini msimamizi akacheka kidogo. "Mama, wewe lazima utetee. Huyu analipa kodi kwako."

"Akule," dada wa saluni akasema. "Kama ni chakula, akule tuone. Mimi tangu nimjue sijawahi mwona akila."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona. Nilimtazama usoni kwa sababu nilitaka kumwona akila kuliko nilivyotaka stima irudi. Aliangalia bakuli, akamwangalia mama mwenye ploti, akaniangalia na mimi. Biashara yake yote ilikuwa pale ndani ya bakuli, na sisi wateja wake wote tulikuwa pale tumelizunguka. Akachukua kaimati, akala.

Akala nyingine. "Imetosha?" akauliza.

"Ongeza."

Aliendelea. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye bakuli, wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, umeshika kile kitambaa. Alikula bila kutafuna sana, macho chini, na nilitazama koo lake kuhakikisha anameza. Bakuli lilipoisha aliligeuza juu chini tuone, akaomba maji, akanywa kikombe, akanywa kingine, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Ungedhani hapo atakuwa amejisafisha. "Mmeona alivyokula?" dada wa saluni akasema. "Kama mtu anameza sumu. Anajua ni nini aliweka." Watu wakaitikia. Nami nilikubaliana naye, kwa sababu nami nilikuwa nimeona vivyo hivyo.

Asubuhi yake hakukaanga. Mama mwenye ploti alimgongea, akaingia, akatoka mbio, na baadaye tuliona Mama Kaimati akipakiwa kwenye pikapu, kichwa kimelegea, gari likaelekea upande wa Kajiado. Tukaambiwa ni tumbo. Hakuna ushahidi uliotuingia kama ule. Mtu amekula chakula chake mwenyewe akalazwa; tulihitaji nini tena?

Watu wa stima walirudi hatimaye. Walisema transfoma ilikuwa na ufa, mafuta yamevuja yenyewe, na wakatuonyesha udongo mweusi chini ya mlingoti, ambao tulikuwa tukiukanyaga kila siku. Tuliutazama. Dada wa saluni akasema angalau draya itafanya kazi. Hakuna aliyetaja kaimati.

Mama Kaimati alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda. Alikaanga siku mbili tatu, bakuli likirudi ndani limejaa. Siku nyingine tuliona godoro lake juu ya mkokoteni, na yeye nyuma yake akitembea taratibu, amebeba chungu kwa mikono yake miwili kifuani. Hakuaga. Mama mwenye ploti alikataa kupangisha nyumba ile kwa muda mrefu, na maziwa yake akaanza kuyauza kwa hoteli.

Wakwe waliendelea kuja Kitengela, wakala mkate na soseji. Dada wa saluni alijaribu kuzipika kaimati kwa kufuata maelezo ya kwenye simu, zikatoka ngumu kama changarawe, na mtoto wake akazitumia kuchezea. Tulipokuwa tukila vile vitu vingine, mtu hakukosa kusema, "Siku zile za kaimati," kisha mtu mwingine akabadilisha mada. Nilizitamani, sifichi. Lakini nikizitamani niliukumbuka mkono ule ndani ya aproni, na shuku yangu ilirudi nzima.

Nilimwona tena mwaka huu, Kajiado mjini, katika kliniki moja yenye mabenchi marefu. Nilikuwa nimemwambia mume wangu nimeenda kufuatilia mambo ya shamba. Alikuwa amekaa benchi la mbele na mkongojo kando yake, mguu mmoja umefungwa bandeji ndani ya sapatu kubwa. Alinitambua kabla sijageuka.

"Mama Ivy. Na wewe?"

"Nimekuja kuona mtu," nikasema.

Akaitazama kadi ya wagonjwa wa sukari mkononi mwangu. "Mimi pia nilikuwa nakuja kuona mtu," akasema. "Kila mwezi." Akasogea nikae.

Mambo yaliyonisumbua miaka mingi aliyamaliza kwa maneno machache, kama mtu anayekunja nguo. Chungu kilikuwa cha sindano zake za sukari, maana hazitaki joto na yeye hakuwa na friji. Kaimati ya kwenye kitambaa ilikuwa ya kumwokoa sukari inaposhuka ghafla njiani, na wengine hubeba peremende.

"Na siku ile kando ya tangi," nikamuuliza, "si ungesema tu? Neno moja."

"Ningesema nini? Kwamba mwenye kuwauzia sukari ni mgonjwa wa sukari? Nani angekula tena?" Akapangusa magoti yake. "Ile ya transfoma niliona ni afadhali. Ilikuwa uongo, na uongo nilijua utaisha. Hii ya ugonjwa nayo ni ya kweli, haiishi. Nikala."

Nilitazama bandeji ya mguu wake. Nilihisi uchungu na nilihisi hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Ndipo nikauliza lile nililokuwa nimebeba tangu daktari aliponipa majibu yangu. "Ni kaimati zako zimenileta hapa?"

Hakuudhika. Alizungusha macho kwenye mabenchi yaliyojaa wazee wa Kimaasai, vijana wa ofisi, mama mmoja mwembamba kuliko sisi sote. "Hawa hawakuwahi kula kaimati zangu. Uliza daktari. Lakini mimi si niliwaambia mbili zinatosha?"

Nilitaka kucheka, ila midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa nimekuja bila kula kwa ajili ya kipimo, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimemeza tembe zangu asubuhi vilevile, na foleni haikuwa imesogea. Jasho lilinitoka. Kadi ikaanza kutetemeka mikononi. Alinishika kifundo cha mkono, akanitazama machoni, akatoa leso mfukoni na kufungua fundo kwa meno.

"Kula," akasema.

Niliivunja vipande viwili. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeipeleka puani.

"Bado unanusa," akasema, bila uchungu.

Ilikuwa na iliki, na ule moshi wa kibuyu. Kumbe mama mwenye ploti alikuwa anamletea maziwa mpaka leo, na hakutuambia. Nikala. Mikono ilipotulia nilimwona akikunja leso tupu na kuirudisha mfukoni, na nikakumbuka kwamba yeye bado ana safari ya kurudi nyumbani. Nikamwambia nimnunulie kitu kitamu dukani. "Nunua," akasema, "na ujifungie yako. Kuanzia leo usitembee bila." Walipomwita ndani, alisimama kwa mkongojo. "Na kwa ploti usiwaambie," akaongeza. "Siyo habari ya kwangu. Ya kwako."

Nilitaka kumuuliza kuhusu kile Kimaragoli. Mlango ulifungwa kabla sijauliza, na hilo nabaki nalo.

Jumapili iliyofuata chama chetu cha wamama kilikutana kwa dada wa saluni. Alipitisha sahani ya mandazi yaliyonyunyiziwa sukari, kila mtu akachukua, sahani ikanifikia.

"Mimi sili tamu," nikasema.

Sahani ilibaki hewani mbele yangu. "Tangu lini?" dada wa saluni akauliza, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mkoba wangu uliokuwa wazi, ambamo ncha ya leso nyeupe ilikuwa imechomoza.

"Na hapo umefunga nini, Mama Ivy?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikavuta zipu ya mkoba, nikasema chai peke yake inanitosha.